Sura ya Sita: Mbona Marama Haulimwi?

Mtu akielezwa sifa za marama kwa mara ya kwanza, huwa hachelewi kuuliza. Kuna mmea unaozaa mbegu zenye protini inayolingana na ya soya na mafuta yanayokaribia ya karanga. Unaota kwenye mchanga ambao mahindi yangekauka kabla ya kufika magotini. Haumwagiliwi, hauwekewi mbolea, haupandwi, na bado kila mwaka unachipua pale pale. Basi mbona haulimwi? Mbona hatuuoni Kariakoo, wala Gikomba, wala hata kwenye masoko makubwa ya Johannesburg?

Wengi hujijibu haraka kwamba ni uzembe wa watafiti, au ni dharau ya wakubwa kwa vyakula vya watu wa porini. Dharau imekuwepo kweli, wala siitetei. Hata hivyo sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mmea wenyewe: jinsi mzizi wake unavyotunza maji, jinsi ua lake linavyochagua mwenzi, jinsi unavyozaa kwa kujibana. Kwa hiyo tutaanza na botania, yaani elimu ya mimea, na shamba litafuata.

Mmea wenyewe

Nchi ya marama ni Kalahari: Botswana, mashariki mwa Namibia, na sehemu za kaskazini mwa Afrika Kusini. Watu wamezoea kusema jangwa la Kalahari, ingawa eneo lake kubwa ni nyika ya mchanga yenye nyasi, vichaka na migunga. Mvua hunyesha kati ya Oktoba na Aprili, tena kwa kubahatisha. Mwaka mmoja inatosha, mwaka unaofuata inapita mbali. Katika msimu wa joto jua la mchana hupandisha joto zaidi ya nyuzi 35, na katika usiku wa kipupwe baridi huweza kugandisha maji.

Watswana huuita morama, na Waherero huuita ozombanui. Jina lake la kisayansi ni *Tylosema esculentum*. Neno la kwanza katika majina ya namna hii hutaja jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu; la pili hutaja spishi, yaani aina moja mahususi ndani ya kundi hilo. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya sayansi ya Ulaya ni Mwingereza William Burchell, aliyeanza safari yake ya gari la ng'ombe kuelekea bara ya kusini mwa Afrika mwaka 1811 na kuchapisha habari za safari hiyo katika juzuu mbili, 1822 na 1824. Wasan, wawindaji na wakusanyaji wa Kalahari, walikuwa wakiula vizazi vingi kabla ya Burchell kuzaliwa.

Burchell aliuweka katika jenasi ya *Bauhinia*, na hakuwa mbali na ukweli. *Bauhinia* ndiyo ile miti ya mapambo inayopandwa kwenye bustani na kando ya barabara za miji yetu, yenye maua meupe au ya zambarau na majani yaliyogawanyika pande mbili zinazofanana. Umbo hilo la jani ndilo lililomfanya Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya mimea katika karne ya 18, aipe jenasi hiyo jina la ndugu wawili wa familia ya Bauhin, wote wanabotania. Jani la marama ni hivyo hivyo, pande mbili zilizoshikana katikati. Mwaka 1960 mmea huu ulihamishiwa jenasi ya *Tylosema*, na huko ndiko uliko hadi leo pamoja na ndugu zake wanne.

Ukitembea Kalahari mwezi Desemba au Januari, utautambua kwa dalili hizi:

- Mashina membamba yanayotambaa ardhini kutoka sehemu moja ya katikati kwenda kila upande, mengine yakifika mita kadhaa.
- Vikono, yaani nyuzi za kushikilia, ambazo ncha zake zimegawanyika mara mbili. Kikono kikikuta nyasi au kichaka hujizungusha. Kisipokuta kitu, shina huendelea kulala mchangani.
- Majani ya pande mbili, mekundu-hudhurungi yakiwa machanga, kisha kijani kilichofifia.
- Maua ya njano iliyoiva, yamepangwa kwenye kikonyo kimoja kirefu, petali zake zikiwa na mikunjo kama karatasi iliyofinywa. Yakizeeka hugeuka rangi ya machungwa.
- Maganda magumu, mapana, yenye mbegu 1 au 2, mara chache zaidi.

Ni mkunde, basi. Jamii ya mikunde ina spishi zipatazo 19,500 duniani, ikizidiwa na jamii mbili tu: ile ya okidi na ile ya alizeti. Kunde, maharagwe, choroko, mbaazi, karanga na njugumawe zimo humo, na mkwaju na mgunga zimo humo pia. Undugu huo mpana utatusaidia mbele kidogo, maana marama una ukaribu zaidi na mti wa mapambo wa mjini kuliko na kunde za chunguni.

Kilicho chini ya mchanga

Ikifika Mei au Juni, baridi inapoanza, mashina hayo yote hukauka. Majani hupukutika, upepo huyapeleka, na mgeni akipita hapo Julai hataona chochote cha kusimulia. Septemba au Oktoba joto linaporudi, mara nyingi kabla hata ya mvua ya kwanza, machipukizi mapya hutokeza juu ya mchanga mkavu kabisa.

Maji yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mzizi. Mzizi mkuu wa marama hufura na kuwa kiazi kikubwa kilichozikwa, na kiasi cha asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Hapa inafaa kutofautisha. Kiazi mviringo ni shina lililofura chini ya udongo, ndiyo maana lina macho yanayochipua pande zote. Kiazi kitamu na muhogo ni mizizi iliyofura. Marama uko upande wa muhogo: ni mzizi, na machipukizi hutoka kwenye sehemu yake ya juu, karibu na uso wa ardhi.

Ila muhogo huchimbwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na marama hauna haraka hiyo. Mbegu ikiota, mche hautumii nguvu zake kurefuka hewani. Sehemu kubwa ya chakula unachotengeneza hushushwa chini, na katika msimu wake wa kwanza tayari una kiazi kidogo. Mwaka wa pili kinaongezeka, wa tatu vivyo hivyo, miaka inakatika. Kiazi kikubwa kilichowahi kuandikwa kwenye kumbukumbu, kilichochimbwa Botswana, kilikuwa na kilo 277. Ni uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo 90 na ziada, na ndani yake kama lita 250 za maji, chini ya mchanga ambao juu yake hakuna hata tone.

Mmea wa namna hii huitwa mmea wa kudumu. Mmea wa msimu, kama choroko, huota, huchanua, huzaa na kufa ndani ya mwaka, na uhai wote wa kizazi kijacho umo kwenye mbegu. Mmea wa kudumu huishi miaka mingi, na marama hufanya hivyo kwa kutoa kafara sehemu ya juu. Tunaloliona juu ya mchanga ni la msimu mmoja. Mmea wenyewe, wenye umri na akiba, uko chini. Usipolishika jambo hili, mengine yote kuhusu marama hayataeleweka.

Viazi vichanga vya marama huliwa. Huchimbwa vikiwa vidogo, huchemshwa au kuchomwa, na utamu wake ni wa kadiri. Vikizeeka huwa na nyuzinyuzi na uchungu, lakini hata hivyo Wasan walivijua kama chanzo cha maji ya dharura pale visima na madimbwi yalipokauka. Binafsi naona maarifa hayo yana uzito sawa na ugunduzi wowote wa maabara. Kujua, katikati ya nyika isiyo na alama, ni wapi kiazi kimezikwa wakati mashina yake yameshakauka na kupeperushwa, ni elimu inayodai miaka ya kufunzwa.

*Kwa ufupi:* juu ni mashina ya msimu. Chini ni mzizi wa miaka mingi unaobeba maji na chakula. Marama huchipua kwa akiba yake, haungoji mvua.

Majani yanayofumba adhuhuri

Kutunza maji chini hakufai kitu kama majani yatayamwaga juu. Kila jani lina vitundu vidogo mno ambavyo hewa huingilia, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoka kama mvuke. Jani likipigwa na jua kali linapata joto, na likipata joto mvuke huongezeka.

Marama hutumia umbo lake la pande mbili. Asubuhi na alasiri, jua likiwa pembeni, jani hukunjuka na kupokea mwanga. Jua linapopanda utosini pande mbili husogeleana na kufumba kwenye mstari wa katikati, hivyo mwanga mkali unateleza pembeni badala ya kulipiga jani uso kwa uso. Jani linabaki na nafuu ya joto, maji yanabaki ndani. Kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga, inayoitwa usanisinuru, haisimami kabisa. Inapunguzwa wakati ambao ingegharimu maji mengi na kurudi jua linapolegea.

Mkunde usio na vinundu

Mkulima yeyote aliyeng'oa mharagwe kwa uangalifu ameviona vinundu kwenye mizizi, vijipu vidogo ambavyo ukivipasua vikiwa hai ndani ni vya waridi. Humo wanaishi bakteria wanaoitwa rhizobia. Wanachukua naitrojeni iliyoko hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea; mmea nao huwalipa sukari. Ndiyo sababu wakulima hupanda kunde au maharagwe kati ya mistari ya mahindi, na ndiyo sababu walimu wa kilimo hutufundisha kwamba mikunde hurutubisha udongo.

Marama hauna vinundu. Watafiti walioichunguza mizizi yake na kuchapisha matokeo mwaka 1999 hawakukuta dalili kwamba mmea huu unapata naitrojeni kutoka kwa bakteria hao. Wanaousikia ukweli huu hushangaa: mkunde gani huo?

Ni mkunde halali. Mwaka 2017 wataalamu wa dunia waliipanga upya jamii ya mikunde katika matawi 6. Kunde, maharagwe, mbaazi na karanga wako kwenye tawi moja, na huko vinundu ni jambo la kawaida. Marama na *Bauhinia* wako kwenye tawi jingine, na katika tawi lao lote vinundu havijulikani. Tena huhitaji kwenda Kalahari kuona mikunde ya aina hii. Mkwaju hauna vinundu. Mjohoro hauna. Mkrismasi unaowaka maua mekundu mwezi Desemba nao hauna. Tumezoea kuihukumu jamii nzima kwa tabia ya tawi moja, kwa sababu tawi hilo ndilo linalotulisha.

Je, protini nyingi kiasi kile inatoka wapi, kama naitrojeni haitoki hewani? Protini haitengenezwi bila naitrojeni, na mchanga wa Kalahari ni maskini wa madini hayo. Marama hulazimika kuifyonza kutoka mchangani kidogo kidogo na kuitumia kwa ubahili: mbegu chache, mashina mepesi, ukuaji wa polepole. Mkulima anayetarajia kwamba atapanda marama ili arutubishe shamba amekosea mlango. Mmea huu utachukua, hautarudisha.

Ua la njano na sharti lake

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ua la marama lina petali tano za njano, ya juu ikiwa ndogo kuliko nyingine. Ndani kuna stameni, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua, ule unga wa uzazi. Lakini kati ya stameni hizo ni mbili tu zinazofanya kazi, zilizobaki ni vijiti visivyo na chavua. Katikati kuna sehemu ya kike: ovari chini, na juu yake kijiti kinachoishia kwenye stigma, ncha inayopokea chavua.

Ukichunguza mmea mmoja na kufuata mwingine, utagundua kwamba maua si ya namna moja. Kwenye mmea huu kijiti cha kike ni kirefu, stigma imepanda juu na stameni ziko chini yake. Kwenye mmea wa jirani mambo yamepinduliwa: stameni zimepanda, stigma imebaki chini. Maua ya mmea mmoja yote ni ya aina moja, hayachanganyiki. Charles Darwin aliieleza tabia hii mwaka 1862 alipochunguza ua la Ulaya liitwalo primula, na kwa miaka mingi haikutarajiwa kwenye mikunde. Katika jamii hii ni adimu mno, na *Tylosema* ndiyo jenasi inayotajwa kila inapozungumzwa.

Faida yake ni ipi? Mdudu, hasa nyuki, anapoingia kwenye ua lenye stameni ndefu, chavua hugusa sehemu fulani ya mwili wake. Akienda kwenye ua lenye stigma ndefu, sehemu ile ile ya mwili hugusa stigma. Hivyo chavua husafiri kutoka aina moja kwenda aina nyingine. Na ikitokea chavua ikaangukia ua la mmea ule ule, au la mmea wa aina ile ile, mmea huikataa; mbegu haipatikani au haipatikani ya maana. Kila mbegu ya marama ina baba na mama tofauti.

Porini sharti hili ni baraka. Watoto wanakuwa mchanganyiko, kila mmoja na sifa zake, na katika nchi ambayo mwaka mmoja unaua kwa ukame na mwingine kwa baridi, mchanganyiko unahakikisha wapo watakaobaki. Shambani sharti hilo hilo ni kikwazo. Mtafiti akikuta mmea mmoja wenye maganda mengi na kutaka kuuzalisha, mbegu zake hazitafanana nao. Akitumia vipandikizi vya mmea huo mmoja kujaza shamba, maua yote yatakuwa ya aina moja na mavuno yatamkimbia. Maharagwe hujichavusha yenyewe ndani ya ua lililofumba, ndiyo maana mkulima anaweza kutunza mbegu ya maharagwe ya *nyayo* au *soya njano* mwaka hadi mwaka ikabaki vile vile. Kwa marama njia hiyo imefungwa.

Mbegu

Ganda likikomaa, kwenye Machi na Aprili, huwa gumu kama ubao na hatimaye hupasuka. Mbegu ni duara lililobanwa, hudhurungi, lenye gamba gumu, na kila moja ina gramu 2 au 3 hivi. Kwa uzito huo haiendi mbali. Huanguka karibu na mama yake.

Ndani ya gamba kuna kiini cheupe-krimu. Vipimo vya maabara vimeonyesha protini kati ya asilimia 29 na 39, na mafuta kati ya asilimia 28 na 40 na ushei. Soya huwa na protini ya asilimia 36 hivi na mafuta kama 20. Karanga huwa na protini ya asilimia 25 hivi na mafuta yanayokaribia 50. Marama umekaa katikati yao, na hilo ndilo linalowavutia wataalamu wa lishe. Aina ya mafuta iliyo nyingi zaidi humo ni asidi ya oleiki, ile ile inayotawala kwenye mafuta ya zeituni.

Mbegu mbichi haifai. Ina vizuizi, yaani kemikali zinazouzuia utumbo kumeng'enya protini, kama soya mbichi ilivyo. Wasan na Waherero walitatua tatizo hilo zamani: mbegu hufukiwa kwenye mchanga wa moto na majivu, hukaangwa humo hadi ziive, kisha gamba hupasuliwa kwa jiwe. Ladha iliyobaki huwakumbusha watu korosho. Huliwa hivyo hivyo, au hutwangwa na kupikwa uji.

Turudi kwenye swali

Sasa tunaweza kulijibu bila kumlaumu mtu bure. Marama haujageuka zao kubwa kwa sababu hizi, na nazipanga kwa uzito ninaoona zinastahili:

1. Unataka muda. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni mwaka wa pili au zaidi. Mkulima mdogo anayedaiwa ada ya shule Januari hawezi kungoja.
2. Hauzalishi mbegu zinazofanana, kwa sababu ya maua ya aina mbili.
3. Unazaa mbegu chache kwenye kila ganda, na maganda hayakomai siku moja.
4. Mashina yanatambaa, kwa hiyo kuvuna ni kwa mikono na kwa kuinama.
5. Waliokuwa wakiula hawakuwa na sauti kwenye vyuo wala wizara. Hii ndiyo ile dharau.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1979 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kiliutaja marama katika kitabu chake cha mikunde ya tropiki inayostahili kuendelezwa, na ukatajwa tena mwaka 2006 katika mfululizo wake wa mazao yaliyosahaulika ya Afrika. Majaribio ya kuupanda yalifanyika Texas, na taarifa yake ilichapishwa 1987: uliota, ukachanua, ukazaa. Namibia, Percy Chimwamurombe na wenzake, wakishirikiana na Christopher Cullis wa Case Western Reserve University huko Ohio, wamekuwa wakichunguza jeni za marama, yaani maagizo ya urithi yaliyomo kwenye kila chembe hai, ili mimea yenye sifa nzuri itambulike mapema bila kungoja miaka izae. Naiheshimu kazi hiyo. Ndiyo njia fupi kuliko zote kwa mmea mrefu wa subira kama huu.

Msimamo wangu ni kwamba tusiulazimishe marama uwe soya. Soya ipo. Nguvu ya marama ni kuwepo pale soya inapokufa, na nguvu hiyo inatokana na mzizi mkubwa, ukuaji wa taratibu na ubahili wa mbegu. Ukiondoa hayo ili upate mavuno ya haraka, utabaki na mkunde dhaifu usio na sababu ya kupandwa. Malisho na nyika zilizotunzwa, ambamo watu wana haki ya kukusanya mbegu na viazi vikongwe vinaachwa ardhini, zinaufaa zaidi kuliko matuta. Katika mkoa wa Omaheke, mashariki mwa Namibia, familia bado hukusanya mbegu hizi kila msimu na kuuza kando ya barabara. Hapo ndipo pa kuanzia: bei nzuri kwa mkusanyaji, mashine ndogo ya kupasua gamba, na ulinzi wa ardhi yenyewe dhidi ya malisho ya kupita kiasi.

Ndugu yake aliye kwetu

Msomaji wa Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo hana haja ya kuutazama marama kama habari ya mbali. Ndugu yake, *Tylosema fassoglense*, ameenea kuanzia Sudan hadi Afrika Kusini, akipitia nchi zetu zote hizo. Hukaa kwenye mbuga za nyasi, misitu ya miti iliyoachana na kando ya mashamba, mahali penye mvua nyingi kuliko Kalahari. Mashina yake hutambaa au kupanda juu ya vichaka, majani ni yale yale ya pande mbili ila makubwa zaidi, maua ni ya njano, na chini kuna mzizi uliofura. Mbegu zake nazo hukaangwa na kuliwa katika sehemu mbalimbali za Afrika.

Magharibi mwa Kenya Wajaluo humwita ombasa, na mzizi wake hutumika kama dawa, hasa kwa watu waliopungukiwa damu. Sitaingia kwenye kipimo wala maandalizi. Upungufu wa damu una sababu nyingi, ikiwemo malaria na minyoo, na mgonjwa anapaswa kupimwa damu zahanati kabla ya kunywa chochote. Linalonihusu hapa ni la kibotania. Anayechuma mbegu huuacha mmea uendelee kuishi. Anayechimba mzizi mzima huuua, na kiazi alichokitoa kwa saa moja ya jembe kilichukua miaka mingi kujaa. Soko la dawa za asili linapokua, wachimbaji huanza na viazi vikubwa, ambavyo ndivyo vinavyozaa zaidi. Kwa kuwa kila ua linahitaji jirani wa aina ya pili, mimea michache iliyobaki mbali mbali inaweza kuchanua kila mwaka na isipate mbegu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu wanaoishi mahali mmea huu unapoota. Mkichimba kwa ajili ya dawa, kateni sehemu ya pembeni ya mzizi na kuufukia uliobaki pamoja na kichwa chake, maana hapo ndipo unapochipukia. Mkichuma maganda, acheni mengine yapasuke yenyewe. Na kama lugha yenu ina jina la mmea huu, liandikeni pamoja na mahali mlipouona na mwezi ulipochanua, kisha mlifikishe kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyo karibu nanyi; ipo ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, na ipo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.